Mngoni Kwenye Kiti cha Mbele

Wadogo zangu, nimestaafu. Msicheke. Najua mstaafu mnamtaka awe na mvi, na miwani, na suti ya siku ya kuagwa. Mimi sina hata kipara. Lakini kazi ya fildi haihesabu umri, inahesabu barabara ulizopita, na kwa hesabu hiyo mimi ni babu yenu, leteni shikamoo. Daktari mmoja pale Kahama alinipiga picha ya mgongo, akaiangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Kijana, wewe unafanya kazi gani, unabeba treni?" Nikamwambia napima athari kwa mazingira. Akasema basi athari nyingine hii hapa, acha. Nikaacha. Sasa nafuga kuku Segese, na kuku hawana habari na gari.

Daktari anasema ni mgongo. Mimi nasema ni kiti cha nyuma. Tutafika huko.

Aliyeniambia niandike ni Mama Tunu, kiongozi wa timu yetu, ambaye wapya mnamwogopa na mna haki. Alisema, "Shija, hawa watoto wanajua kompyuta, hawajui watu. Waandikie uliyoyaona. Ila usichekeshe." Kwenye kuandika nimetii.

Basi nijulikane kwanza. Shija, kwetu Usukumani, ni jina la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Yaani Kulwa na Doto wameshakuja, wamechezewa ngoma, mama amechoka, majirani wameishiwa vigelegele, ndio naingia mimi. Nani ananiangalia? Tangu siku hiyo nikimwona mtu amekaa pazuri, nauliza kwa nini si mimi. Halafu nimekulia Maganzo, nje ya uzio wa Mwadui, kule kwenye almasi. Sisi watoto tulikuwa tunasimama kwenye uzio tunaangalia taa za wenzetu ndani, na maua yanayomwagiwa maji, wakati sisi kisimani tunagombania foleni na mbuzi. Mtoto akikulia nje ya uzio anajifunza jambo moja vizuri sana: uzio una pande mbili, na upande wako ndio huo. Darasa la saba nikamaliza, majina ya waliochaguliwa yakabandikwa ukutani, simo; mwaka wao Kulwa alikuwemo, Doto alikuwemo. Mimi nikaingia kwenye ajira.

Ajira yenyewe ilikuja na gari, kruza nyeupe. Mama Tunu alikuwa amekuja kukagua eneo ambapo jeshi lilitaka kujenga nyumba za askari, akahitaji mtu wa kuchimba mashimo ya udongo na kusema Kisukuma. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Siku ya kwanza akanipa chupa ya maabara, akaniambia nenda lamboni, kachote maji. Nikaenda. Nikaangalia yale maji: ng'ombe wamesimama ndani, mengine siyasemi. Nikajiambia, hivi mgeni wa watu apeleke maji haya mjini, kwenye maabara, yenye watu wamevaa makoti meupe? Aibu ya nani? Nikapita kwa jirani mwenye bomba, nikajaza masafi kabisa, yanang'aa.

Mama Tunu aliinua chupa juani.

"Haya umetoa wapi?"

"Lamboni, Mama."

"Shija. Hilo lambo lina bomba?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Mwanangu," akasema, "maji machafu ndiyo tuliyoyafuata."

Nikarudi lamboni nikiwa nimekunja suruali. Yeye akanifuata, akanionyesha: chupa unaisuuza kwanza kwa maji yale yale unayoyachota, unaizamisha mdomo ukiwa umeelekea yanakotoka maji, unafunika ikiwa ndani, moja kwa moja kwenye boksi la barafu. Na soda zenu msiweke kwenye boksi hilo. Najua mnaweka. Hata mimi niliweka.

Sasa hii kazi ya miradi ya jeshi ina shida yake ambayo shuleni hamkufundishwa. Miradi mingine unaita wanakijiji, unawaambia, jamani tunajenga barabara, semeni. Wa jeshi unawaita, halafu huwezi kuwaambia unajenga nini. Na huwaambii kwa sababu hata wewe hujaambiwa. Mkutano wangu wa kwanza ulienda hivi:

"Mnataka kujenga nini?"

"Jengo."

"La nini?"

"La matumizi ya jeshi."

"Litatoa moshi?"

"Sijui, mzee."

"Litapiga kelele?"

"Siruhusiwi kujua."

"Sasa wewe umekuja kutuambia nini, kijana? Kwamba hujui?"

Watu wakacheka, mimi nikacheka nao, ndio ukawa mwanzo wa jina langu kama mchekeshaji wa timu. Lakini Mama Tunu hakucheka. Jioni ile alikaa na Meja, afisa aliyekuwa anasimamia ujenzi upande wao, mtu mpole mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, akamwambia, "Meja, sikuulizi mnajenga nini. Niambie tu kitakunywa maji kiasi gani, kitatoa uchafu gani, kitapiga kelele saa ngapi, na kitaziba njia zipi." Meja akafikiri, akasema hayo anaweza. Mama Tunu akanigeukia: "Umeona? Siri nayo inakwenda chooni. Wewe uliza choo kitakuwa upande gani."

Hiyo ndiyo kazi yote, wadogo zangu. Kupanga tathmini ya mradi wa jeshi ni kuchagua maswali yanayojibika. Mengine ni kuchapa.

Na jambo langu mimi, ambalo nalidai kuwa langu hata mkikuta mtu mwingine analidai, ni kutembea uzio kabla ya uzio. Wapimaji wakishapiga vigingi na kuvipaka rangi nyekundu, usikae ofisini. Chukua mama mmoja wa kijiji, mchungaji mmoja, tembeeni mstari mzima wa vigingi. Kila mnapokata kinjia, simama, uliza: nani anapita hapa, anakwenda wapi, na kukifungwa atapita wapi? Vinjia vingine ramani haivioni kabisa. Kinjia cha kwenda kwa mganga, kwa mfano. Hicho mchungaji hakitaji mbele ya mama, wala mama mbele ya mchungaji. Unawatembeza mmoja mmoja.

Kwa kazi hiyo nikapewa kiti cha mbele.

Nieleze hapa, maana wapya mnaingia kwenye gari kama mnaingia harusini, popote unakaa. Kwenye kruza yetu dereva alikuwa Mzee Salumu, mtu wa Kondoa, asiyeongea mpaka gari lizime. Nyuma kabisa kulikuwa na vifaa, na benchi zile za pembeni, ambapo ukipita rasta, yale matuta madogo ya barabarani, unagonga paa kwa kichwa na ukitua unatua na uti wa mgongo. Katikati Mama Tunu, kwa sababu alipenda kusoma akiwa amenyoosha miguu. Na mbele, pembeni ya Mzee Salumu, alikaa yule ambaye tukifika kijijini anashuka wa kwanza. Anayeshuka wa kwanza ndiye anayesalimia. Anayesalimia ndiye kijiji kinamkumbuka. Ukirudi mwaka unaofuata watoto wanakimbilia dirisha lile. Kwa hiyo usiniambie kiti ni kiti. Mimi Shija, wa baada ya mapacha, wa nje ya uzio, nilishuka wa kwanza kwenye vijiji vya Shinyanga na Geita mpaka mlango ule ukawa unafunguka kwa kunitambua.

Halafu akaja Komba.

Komba alikuwa kijana wa Kingoni, kutoka Songea, mtaalamu wa mambo ya jamii, na mrefu kupita ulazima. Siku ya kwanza alisimama pale uani pa ofisi akiangalia kruza, akaangalia miguu yake. Mama Tunu naye akaiangalia. Akasema, "Shija baba, hebu mpishe mwenzio mbele, nyuma magoti hayataingia."

Magoti! Mimi kazi nimeifanya kwa mdomo na kwa miguu, mtu ananipita kwa magoti. Nikaenda nyuma, nikakaa na makreti ya chupa. Mzee Salumu akaniangalia kwenye kioo, akasema sentensi yake ya mwezi: "Pole."

Mbaya zaidi Komba hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepumzika. Alikuwa ananinunulia karanga. Alikuwa anaosha chupa bila kuambiwa. Akichekesha, Mama Tunu anacheka mpaka anafuta macho, yule yule aliyeniambia mimi nisichekeshe. Nilimsikiliza kwa makini, nikapima utani wake kama napima maji, na naapa ulikuwa wa kawaida sana.

Sasa niwaambie kuhusu kile kijiji. Jina silitaji, mambo ya jeshi hayo. Kiko kati ya Segese na Bugarama, ndani ndani, na inatosha. Jeshi lilitaka kujenga hapo, na tulichoambiwa ni kwamba majengo ni mazito na magari yatakayoingia ni mazito. Vigingi vyekundu vilishapigwa. Sisi tulikwenda kupanga nini kichunguzwe kabla ya wenyewe kuanza kuchimba msingi.

Mkutano wa kwanza niliuendesha mimi, kwa kuwa ulikuwa wa Kisukuma. Mama Tunu alinipa nafasi ile mbele ya wote: "Hapa ni kwao Shija." Nilivimba. Niliwachekesha mpaka wazee wakashika mbavu. Nikatembea vigingi, na mama, na mchungaji, nikaonyeshwa vinjia, nikaonyeshwa ngitili, ule uwanda wa majani wanaoufunga masika ng'ombe waje wale kiangazi. Meja tulimwomba akae mbali bila kombati, akakaa chini ya mkwaju amevaa shati la kitenge, anaonekana mwanajeshi kuliko alivyowahi kuonekana. Mwisho nikauliza lile swali la muhimu, maana ukanda huu kila mahali pamechimbwa: jamani, hapa chini, kwenye vigingi, kuna mashimo ya zamani? Kuna maduara?

Duara, kwa mliotoka mbali, ni shimo la wachimbaji wadogo. Linashuka wima, halafu linageuka linafuata mwamba wenye dhahabu, linaweza kwenda popote kama panya.

Akasimama Namhala Nkwabi. Namhala ni mzee wa heshima, na huyu ndiye aliyekuwa akikohoa wengine wananyamaza. Akasema kwa upole kabisa, "Mtoto wetu, hapo chini ni udongo tu."

Wote wakaitikia. Udongo tu. Nikaenda kumwambia Mama Tunu, udongo tu. Akaniuliza, "Una uhakika?" Nikamwambia, "Mama, hawa ni watu wangu." Akanipigapiga begani. Njiani kurudi nilikuwa nyuma na makreti lakini nilijiona kama niko mbele.

Tuliporudi kwa mkutano wa pili tukakuta kijiji kina msiba. Mzee mmoja amefariki, na nyumba yake iko pale pale kandokando ya vigingi. Mkutano hakuna. Mnajua kwetu, msiba ukitokea huwezi kuja na karatasi zako. Mama Tunu akajifunga khanga, akaenda kukaa na wanawake kwenye mkeka. Mimi nikavua saa, nikashika jembe, nikaenda kwa wanaochimba kaburi. Ndivyo tunavyofanya.

Na mimi, sikilizeni vizuri, mimi ndiye niliyeliona kwanza. Pembeni ya kaburi lililokuwa linachimbwa kulikuwa na shimo lingine, limechimbwa karibu usawa wa kiuno, likaachwa. Udongo wake mbichi kabisa. Nililiona. Nikawatazama wachimbaji, wakatazama pembeni. Na mimi nikatazama pembeni, kwa sababu kwenye msiba wa kwenu huulizi maswali, unachimba.

Komba akaja nyuma yangu, mikono mfukoni. Akaliona. Akapiga kelele kijiji kizima kikasikia:

"Wasukuma nyie! Maiti mmoja, makaburi mawili! Mnamzika nusu nusu, au mnaogopa mtakosea?"

Nikasema leo tunapigwa. Lakini watu walifanya nini? Walicheka. Msiba mzima! Mama mmoja aliyekuwa analia akainua khanga aangalie nani huyo. "Mngoni! Nani kamleta Mngoni hapa?" Wakachangamka kama wameletewa ndugu aliyepotea.

Nilikuwa nimesahau. Wangoni na sisi ni watani tangu vita vya mababu. Na mtani kwenye msiba ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Atatukana, atazuia jeneza, atavaa kofia ya marehemu, na hukasiriki, na ukitaka aondoke unampa kuku.

Komba akarukia ndani ya lile shimo lililoachwa. Akajilaza, miguu ikabaki nje. "Mimi nimeshapata langu! Ninyi endeleeni na lenu. Nifunikeni, ila mniachie kuku mmoja wa njiani."

"Mngoni mwenyewe haingii!" mtu akasema. "Mkateni miguu!"

"Kateni, mkauze, si ndio biashara zenu?"

Vicheko. Halafu Komba akageuza sikio akaliweka chini. Akainuka nusu, udongo umemjaa kichwani, akasema, "Jamani. Huku chini kuna mtu anagonga."

Watu wakacheka zaidi. Lakini mimi nilikuwa nimesimama na wachimbaji kaburi, nikawaona. Wao hawakucheka. Kumbe ndio maana waliliacha shimo lile.

Namhala Nkwabi akasogea na fimbo yake, akainama juu ya shimo. Akasema, na uso wake ni wa utani kabisa, "Toka humo, Mngoni. Unawachungulia vijana kazini."

"Vijana gani?"

"Wa kwetu. Wanatafuta mali ya babu yao."

"Babu yao alikuwa mwizi kama wewe?"

"Alikuwa mwizi, alimwibia babu yako mke."

"Ndiyo maana nyie mmekuwa wazuri kidogo. Sasa hao vijana wanaingilia wapi, na mimi nikachukue mgao wangu?"

"Kule mlimani kwenye majabali. Mngoni akiingia anakwama."

"Na wanatokea wapi?"

"Hawajatokea bado. Wanapita chini ya ngitili, wamefika hapo ulipolala, wanaelekea kule kwenye vijiti vyenu vyekundu. Hao jamaa zako wenye magari makubwa wakija, waambie wapite taratibu, wasiwaamshe."

Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kinakatika katika. Mama mmoja kwenye mkeka alifunika uso kwa khanga, na hakuwa analia kwa ajili ya marehemu. Mwanawe alikuwa chini. Nilimwona Mama Tunu amemshika mkono, lakini macho yako kwa Komba, masikio yamesimama. Kila kitu kilikuwa kimeshasemwa, hadharani, kwa sauti. Udongo tu, kumbe ni dari. Juu ya dari hiyo ndiyo msingi ulitaka kukaa, na magari mazito, na chini yake watoto wa watu na matochi yao kichwani.

Tukazika. Komba akapewa kuku, jogoo mwekundu. Mimi nikapewa jembe nikalioshe.

Nilimfuata Namhala Nkwabi nyumbani kwake. Nilikuwa na hasira, lakini shikamoo nilitoa. Nikamwambia, "Namhala, mimi nilikuuliza. Kwa Kisukuma. Mbele ya watu. Ukaniambia udongo tu."

"Nilikuambia."

"Halafu unamwambia Mngoni!"

Akakaa kwenye kigoda, akanionyesha na mimi nikae. Akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, wewe ni mtoto wetu. Nikikuambia wewe, nimesema. Kesho wakija kuwatoa vijana, watu watasema Nkwabi alisema, na wewe utakuwa shahidi. Tungebaki tunaangaliana mpaka tunakufa. Sasa yule Mngoni, nimemwambia nini? Nilikuwa natania. Si kila mtu aliona nacheka?"

"Na yale magari yangekuja? Mngenyamaza tu?"

"Tulikuwa hatulali," akasema. "Kila mtu anamsubiri mwenzake aseme. Umemleta mtani, umefanya vizuri sana. Wabeja, asante."

Umemleta! Kwamba kazi yangu yote pale ilikuwa kuleta Mngoni, kama mtu anavyoleta sukari.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo, na kwa haki niseme Meja alifanya kiungwana. Mama Tunu hakumwambia nani kasema. Alimwambia tu kwamba kwenye mambo ya kuchunguza ameongeza lingine, juu ya mengine yote: kujua ardhi ya chini ikoje, kabla gari lolote zito halijavuka kigingi. Meja akamwangalia. Akaangalia lile shimo lililoachwa pembeni ya kaburi jipya. Akasema, "Nawapa muda. Sitaki kujua kwa nini nawapa." Vijana wakatoka. Niliwaona wanatoka kule kwenye majabali, weupe kwa vumbi kama wamepakwa unga, na yule mama wa mkekani akamchapa mwanawe kibao, halafu akamshika hamwachii. Vifaa vya kupima ardhi vikaja, vikasema alichosema Namhala, ila kwa kurefusha. Vigingi vikang'olewa vikapelekwa ng'ambo ya barabara, kwenye udongo ambao kweli ni udongo. Wale vijana baadaye wengine walikata leseni kwa kikundi, wengine walihamia maduara mengine. Sitaki kuwadanganya kwamba walikwenda wote kusomea ufundi cherehani.

Siku tunaondoka watoto walikimbilia dirisha la mbele. "Mngoni! Mngoni!" Jogoo alikuwa amekaa kwenye mapaja ya Komba. Hata jogoo alikuwa mbele.

Tangu hapo tukifika kwenye kijiji kigumu, Mama Tunu anasema, "Komba, kachokoze kwanza." Na Komba anachokoza, na milango inafunguka, Geita huko, Bukombe huko, kwa wakulima wa Ushirombo wanaotoka misa wakiwa wametulia kama maji ya mtungi. Mimi nafuata nyuma nikiwa na jipiesi, kifaa cha kusoma mahali, natembea uzio wangu. Ninayo lugha yao, najua nyimbo zao, najua ng'ombe wao wanaitwaje. Nilichokosa ni kuwa mgeni, na hicho hakuna mahali kinauzwa. Mtu anapita mbele yako kwa sababu babu yake aliwahi kupigana na babu yako! Babu yangu mimi aliacha nini? Aliacha amani na majirani wote. Asante, babu.

Nikavumilia rasta kwa rasta mpaka mgongo ukasema basi. Kwenye kuniaga, Komba alisimama akatoa hotuba nzuri, akanitukana vizuri, watu wakacheka, halafu kwa haki yake ya utani akanivua kofia yangu ya fildi mbele ya wote akaivaa. Ilimkaa vizuri kuliko mimi. Nikarudi Segese bila kofia.

Hapa ndipo nilipopanga kuishia, na ushauri wangu kwenu ulikuwa: chagueni babu vizuri.

Lakini simu imepigwa. Nilikuwa kwenye banda nawapa kuku maji, nikaona jina la Komba. Nikaiacha ilie kidogo, mstaafu ana haki hiyo.

"Shija ndugu yangu."

"Mngoni, nani kakufundisha kupiga simu?"

Hakucheka. Akasema wako Songea, jeshi linajenga, wameshapiga vigingi karibu na bonde la maji, na kila akiuliza wazee wanajibu jambo moja. Anajua kuna kitu. Anaona wanavyotazama pembeni.

"Wanakujibuje?"

Akavuta pumzi. "Wananiambia, mtoto wetu, hapa shwari tu."

Wadogo zangu, niliweka ndoo chini. Nikakaa juu ya mfuko wa pumba. Nilitaka nilisikie neno hilo nimekaa.

"Rudia, mtandao mbaya."

"Wananiambia mtoto wetu, bwana! Shija, usinifanyie hivyo. Mimi kwetu siwezi kuwauliza zaidi, ni baba zangu. Jumamosi kuna harusi kubwa hapa. Mama anasema tunahitaji Msukuma."

Nikasikia Mama Tunu kwa nyuma: "Mwambie na mgongo wake tutautunza!"

Nikasema nitakuja, si kazini, nimestaafu, nakuja kutania. Nikataja sharti moja. Komba akaguna. Akasema, "Lakini magoti yangu." Nikamwambia magoti ni yako, mtani, yabebe mwenyewe.

Gari lilikuja kunichukua, na Komba mwenyewe ndani, maana sharti ni lake kulitimiza. Haya ya mwisho nayaandikia gesti ya Makambako, safari imebaki ya kesho. Nimekaa pembeni ya Mzee Salumu njia nzima, na kofia yangu, niliyomvua Komba kwa haki ile ile ya utani, kichwani. Komba yuko nyuma na makreti ya chupa, magoti yamefika masikioni, kila rasta anagonga paa. Daktari alinikataza kabisa kugeuka geuka. Nimegeuka kila rasta.

Na karanga nimemnunulia.